Faragha au sitara? Wachoraji wa Uholanzi na barua zisizo zetu

Mwezi uliopita mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea kurasa 30 za tafsiri. Alikuwa amejitwika kazi ya kufasiri kwa Kiswahili insha ndefu kuhusu michoro ya Waholanzi ya karne ya 17, ile michoro ya vyumba vya ndani: mwanamke anasoma barua dirishani, mama anamchambua mtoto nywele, mtumishi anamimina maziwa. Karibu kila ukurasa ulikuwa na neno faragha. Nilianza kulihesabu, nikafika arubaini na kitu, nikachoka.

"Prof," akaniambia, "hili neno linanikwama. Mwandishi anashikilia kwamba michoro hii imejaa faragha, lakini mimi nikiitazama naona imejaa watu. Kuna mtumishi, kuna mtoto, kuna hata mbwa. Na sisi pia tuko hapo tunawatazama. Sasa hiyo faragha iko wapi?"

Swali lake lilikuwa bora kuliko tafsiri yake, na sikusita kumwambia hivyo. Nimelitafakari tangu siku hiyo. Leo ningependa kulijibu katika ukumbi huu, maana ni swali la sanaa na ni swali la lugha kwa wakati mmoja.

Tuanze na lugha. Neno faragha tulilipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba maana ya utupu na ya kutokuwa na shughuli. Ndiyo maana tunaposema "naomba tuzungumze faragha" tunamaanisha mahali patupu, pasipo watu. Faragha kwa hivyo ni dhana ya nafasi. Ondoa watu, funga mlango, kinachobaki ndicho faragha.

Neno hili lina jirani yake, sitara. Nalo ni la asili ya Kiarabu, ila mzizi wake ni kufunika. Kwa Waarabu, sitara ni pazia. Kwetu sisi maana ikapanuka: sitara ni vazi linalomhifadhi mtu, ni kificho, ni heshima yake mbele ya watu. Na kitenzi kusitiri, msomaji, aghalabu kina watu wawili ndani yake. Mimi nakusitiri wewe. Yaani nimeliona jambo lako, nimelijua, kisha nikalifunika. Huwezi kumsitiri mtu ambaye humjui kwa lolote.

Hoja yangu ni kwamba mwanafunzi wangu alikwama kwa sababu alikuwa akitafuta faragha katika michoro ambayo, kwa hakika, inahusu sitara. Si yeye peke yake. Wahakiki wakubwa wa Ulaya na Marekani nao wameteleza papo hapo.

Mwaka wa 1986 msanifu majengo Witold Rybczynski alichapisha kitabu kiitwacho Home, kilichosomwa sana, ambamo alishikilia kwamba Uholanzi ya karne ya 17 ndiko dhana ya nyumba ya familia, yenye utulivu wake na mipaka yake na dunia ya nje, ilikopata sura tunayoijua. Hoja hiyo ina mvuto. Jamhuri ya Uholanzi ilikuwa nchi ya wafanyabiashara, na kanisa lao la Kikalvini halikuagiza picha za kupamba madhabahu. Basi wachoraji wakamgeukia mnunuzi mwingine kabisa: mfanyabiashara, mpika pombe, mwokaji mikate. Mnunuzi huyu alitaka picha ndogo ya kuning'inizwa nyumbani, na mara nyingi picha hiyo ilionyesha nyumba. Mfaransa Balthasar de Monconys alipopita Delft mwaka wa 1663 akitaka kuona kazi za Johannes Vermeer, mchoro aliofanikiwa kuutazama ulikuwa kwa mwokaji mikate.

Tatizo linazuka tunapoichukua michoro hiyo kuwa kioo cha maisha. Willemijn Fock, profesa wa Leiden aliyezichambua kwa miaka mingi orodha za mali za nyumba za wakati huo, alionyesha kwamba zile sakafu za marumaru nyeusi na nyeupe tunazozipenda zilikuwa nadra mno katika nyumba halisi. Nyumba nyingi zilikuwa na sakafu za mbao. Vinara vikubwa vya shaba vinavyoning'inia katika michoro navyo ni vya kutafutwa kwa tochi katika orodha hizo. Wachoraji walikuwa wakitunga, sawa na mwandishi wa riwaya anavyotunga.

Na utulivu, je? Huo nao ulitungwa. Tumchukue Vermeer mwenyewe. Aliishi Delft katika nyumba ya mama mkwe wake, Maria Thins. Alipofariki mwaka wa 1675 akiwa na umri wa miaka 43, alimwachia mkewe, Catharina Bolnes, watoto 11 na madeni, likiwemo deni kubwa kwa mwokaji mikate. Orodha ya vitu vya nyumba hiyo iliyoandikwa Februari 1676 ingalipo, na ndani yake limetajwa koti la kike la hariri ya njano lenye pindo la manyoya meupe. Mtu yeyote aliyewahi kutazama michoro ya Vermeer analijua koti lile. Wanawake wake kadhaa wamelivaa, wakiwa wametulia tuli, peke yao, katika chumba ambamo hausikii hata mlio wa nzi.

Hebu fikiria watoto kumi na mmoja! Yeyote aliyelelewa katika nyumba ya watoto wengi anajua kwamba kimya cha namna ile hakikuwa katika nyumba hiyo. Vermeer alikitengeneza kwa brashi, kutokana na hitaji, kama mtu mwenye kiu anavyoota maji. Kwa hiyo anayesema kwamba michoro hii inatuonyesha faragha waliyokuwa nayo Waholanzi anakosea. Inatuonyesha kitu walichokitamani, na inatuonyesha walivyofikiri kinaweza kupatikana vipi katika nyumba iliyojaa watu.

Walifikiri kinapatikana vipi? Tutazame mchoro wa Pieter de Hooch, aliyefanya kazi Delft wakati mmoja na Vermeer. Niliuona Amsterdam miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa nimehudhuria kongamano Leiden na nikapanda garimoshi siku ya mapumziko kwenda kwenye makumbusho ya Rijksmuseum. Ulichorwa karibu na mwaka wa 1659. Mama ameketi, mtoto amepiga magoti na kukilaza kichwa mapajani mwake, naye anampekua nywele akitafuta chawa. Nyuma yao kuna kitanda kilichojengwa ndani ya ukuta, kama kabati, chenye mapazia. Pembeni kuna kile kiti kidogo chenye tundu ambacho watoto walikalishwa wajisaidie. Upande wa pili mlango uko wazi, unaona chumba kingine, na zaidi ya hapo mwanga wa nje. Mbwa mdogo ameketi anautazama mwanga huo.

Waholanzi wana neno lao kwa mbinu hii ya kufungua mlango ndani ya mchoro ili jicho lipite chumba hadi chumba: doorkijkje. De Hooch alikuwa bingwa wake. Ukiifikiria vizuri utaona ni kinyume cha faragha kwa maana yetu ya kamusi. Milango yote iko wazi! Choo cha mtoto kiko mbele yetu, kitanda cha wazazi kiko mbele yetu, chawa ndio habari yenyewe. Hata hivyo hakuna anayesimama mbele ya mchoro huu akahisi kwamba amechungulia. Mimi nilisimama pale kwa muda mrefu na nilichohisi ni kama nimepita karibu na uwanja wa jirani, nikaona, nikaendelea na njia yangu.

Sababu ni nini? Mtoto hatuoneshi uso. Mama macho yake yako kwenye kazi ya vidole vyake. Hakuna anayetushughulikia. De Hooch ametupa mlango wazi na wakati huohuo ametunyima nafasi ya kuingia, kwa kuwa mama na mwana wamekwisha kujazana wao kwa wao. Ukaribu wao ndio pazia lao. Mwanafunzi wangu alipoiona hoja hii alisema, "Kumbe hawajajificha, wameshughulika tu." Ndivyo ilivyo.

Sasa tumweke de Hooch kando ya mchoraji mwingine, Nicolaes Maes wa Dordrecht, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Rembrandt. Kati ya mwaka wa 1655 na 1657 Maes alichora michoro sita kuhusu wadukizi. Natumia neno hili makusudi. Kudukiza ni kusikiliza mazungumzo ya watu kwa kujificha. Siku hizi neno ndugu yake, udukuzi, tumelihamishia kwenye kompyuta na simu, na vijana wengi hawajui kwamba kabla ya kuwa na mitambo ya kudukua tulikuwa na masikio.

Katika baadhi ya michoro hiyo, bibi mwenye nyumba amenyata hadi karibu na ngazi. Kwingineko ndani ya nyumba mtumishi wake yuko na mwanamume, wamekumbatiana. Bibi ameweka kidole mdomoni. Lakini hawatazami wapenzi wale. Anatutazama sisi, akitabasamu. "Shhh," anatuambia, "njooni msikie." Katika mmoja wa michoro hiyo Maes alichora hata pazia la uongo mbele kabisa, limefunika sehemu ya tukio, kana kwamba tukilivuta kidogo tutaona zaidi.

Ni michoro ya kuchekesha na ya ustadi mkubwa, na miaka ya nyuma niliipenda. Siku hizi inanikera. Yule bibi ametufanya tuwe washirika kabla hatujakubali. Tabasamu lake limetuuza. Ukishacheka naye, huwezi tena kusema kwamba wewe ulikuwa unapita tu.

Naomba nieleze kwa nini inanikera, ingawa si jambo ninalojivunia. Nilipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, kijijini kwetu watu wazima wengi hawakujua kusoma, na sisi watoto wa shule ndio tuliokuwa macho yao. Barua ikija, unaitwa. Jirani yetu mmoja, mama ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi Mombasa, alikuwa akinikaribisha jikoni kwake, anafunga mlango nusu, ananipa barua. "Haya, mwanangu, soma polepole." Nikisoma, yeye alikuwa akitazama moto. Nikimaliza, anaikunja barua na kuifunga kwenye pindo la leso yake, kisha ananipa kipande cha kiazi kitamu.

Siku moja barua ilikuwa na maneno ambayo mtoto wa miaka kumi hakupaswa kuyabeba. Mimi nikayabeba hadi mtoni, nikawasimulia wenzangu. Tulicheka mpaka tukalia. Baada ya siku mbili maneno yale yalikuwa yamezunguka kijiji na kumrudia mwenyewe. Hakuja kugomba. Barua iliyofuata alimpelekea mtoto wa nyumba nyingine, na mimi sikuitwa tena jikoni kwake. Mama yangu mzazi alipopata habari aliniambia maneno machache tu: "Umemvua mwenzio nguo." Sikuelewa. Nilidhani nguo ni nguo.

Nimesoma vitabu vingi vya nadharia tangu siku hiyo, na bado naona kwamba mama alinipa somo la kwanza la uhakiki. Jikoni kwa jirani yetu hapakuwa na faragha, maana mimi nilikuwepo, na pasipo mimi barua isingesomeka. Palikuwa na sitara, nayo iliwekwa mikononi mwangu. Nikaiangusha.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo kichwani nilipofika mbele ya mchoro wa Vermeer wa mwanamke aliyevaa buluu akisoma barua, hukohuko Rijksmuseum. Ulichorwa karibu na mwaka wa 1663. Ni mdogo, urefu wake haufiki nusu mita. Mwanamke amesimama upande, ameishika barua kwa mikono yote miwili karibu na kifua. Midomo imeachana kidogo, kama ya mtu anayesoma kwa kunong'ona. Hakuna dirisha tunaloliona ingawa mwanga unaingia. Hakuna mlango. Mbele kuna meza na viti, ambavyo ni kama ua baina yake na sisi. Nyuma yake ukutani imetandazwa ramani kubwa ya Holland na West Friesland, nasi tunaweza kudhani kwamba aliyeandika barua yuko mbali. Tunaweza kudhani, basi. Barua yenyewe haionyeshi hata neno moja.

Watu wamemdadisi sana mwanamke huyu. Vincent van Gogh, katika barua aliyomwandikia rafiki yake Émile Bernard mwaka wa 1888, alimchukulia kuwa mjamzito. Wengine wakajibu kwamba ni mtindo tu wa makoti ya wakati ule, yalimvimbisha kila aliyeyavaa. Ubishi haujaisha. Nikiwasikiliza wahakiki wenzangu katika mjadala huu, mara nyingine nasikia sauti ya mtoni: Ana mimba? Ya nani? Barua inasemaje? Vermeer alijua kwamba tutauliza. Akatuweka karibu kiasi cha kuona midomo inavyosogea, na mbali kiasi cha kutosikia kitu. Hilo ndilo ninaloliita kusitiri. Anajua, ameona, amefunika, na ametuachia sisi ushahidi kwamba kuna kitu kilichofunikwa.

Hapa sina budi kukiri kosa langu la kitaaluma. Vermeer ana mchoro mwingine wa msichana anayesoma barua mbele ya dirisha lililo wazi, uliochorwa mwishoni mwa miaka ya 1650 na unaohifadhiwa Dresden, Ujerumani. Mbele kuna pazia la kijani lililovutwa upande. Kwa zaidi ya miaka 20 nilitumia nakala ya mchoro huo katika kozi yangu ya nadharia ya uhakiki kufundisha dhana ya kimya. Nilikuwa nikiwaonyesha wanafunzi ule ukuta mtupu juu ya kichwa cha msichana na kuwaambia, "Tazameni, ukuta huu ndio siri yake." Nilikuwa nikijisikia raha sana nikiyasema hayo.

Kumbe ukuta ule haukuwa wa Vermeer. Picha za eksirei zilizopigwa mwaka wa 1979 zilionyesha kwamba chini ya rangi kulikuwa na mchoro mkubwa wa Kupidi, yule mtoto mwenye upinde, mungu wa mapenzi wa Warumi. Wataalamu walidhani Vermeer ndiye aliyemfuta. Mwaka wa 2017 uchunguzi wa rangi ulithibitisha kwamba alifunikwa na mtu mwingine, muda mrefu baada ya mchoro kukamilika. Rangi hiyo ya juu ikabanduliwa kidogo kidogo, na mwaka wa 2021 Kupidi akaonekana hadharani, amesimama akikanyaga vinyago vya uso, ishara ya mapenzi yanayoushinda uongo.

Walikuwapo walionung'unika kwamba mchoro umeharibiwa, eti siri yake imekwisha. Nami kwa siku kadhaa nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu maelezo yangu ya darasani yalikuwa yamekufa. Lakini mwalimu asiyeweza kuzika maelezo yake hafai kuwapa wanafunzi ya kwao. Nilipoutazama upya nilitambua kwamba sitara ya msichana yule haijaguswa. Vermeer anatuambia waziwazi kwamba ni barua ya mapenzi. Pazia limevutwa, dirisha liko wazi, Kupidi yuko ukutani mzima mzima. Na pamoja na hayo yote barua bado ni yake. Kujua kwamba mtu anapenda na kujua alichoandikiwa ni mambo mawili. Ukuta mtupu ulikuwa faragha, nayo ilikuwa bandia, imepakwa na mtu aliyedhani kwamba siri inahitaji utupu. Vermeer hakuuhitaji.

Wachoraji wengine walilifahamu hili kwa njia zao. Gabriel Metsu, katika mchoro ulioko Dublin, alimketisha bibi akisoma barua na kuielekeza kwenye mwanga wa dirisha. Kando yake mtumishi, ndoo mkononi, anavuta pazia lililofunika picha ukutani ili achungulie. Waholanzi walikuwa na desturi ya kuzifunika picha zao kwa mapazia. Chini ya pazia kuna merikebu katika bahari iliyochafuka. Mtumishi anaambulia dhoruba, maneno ya barua yanabaki kwa bibi.

Gerard ter Borch naye alichora, karibu na mwaka wa 1654, mwanamke aliyevaa hariri inayong'aa akiwa ametupa mgongo. Mbele yake mwanamume ameketi, ameinua mkono kama anayeeleza jambo, na mwanamke mwingine anakunywa divai. Basi. Katika karne ya 18 nakshi iliyochongwa kutokana na mchoro huo ilipewa jina la nasaha za baba, na Goethe katika riwaya yake ya mwaka wa 1809 akausimulia hivyo: baba anamwonya binti, mama anajificha uso kwenye bilauri kwa aibu. Wahakiki wa baadaye wakasema hakuna baba wala binti hapo, ni askari anayepatana bei na kahaba. Kutoka nasaha za mzazi hadi danguro, na mgongo ni uleule! Sijui sanaa nyingine iliyowasitiri wahusika wake kwa uthabiti wa namna hiyo.

Samuel van Hoogstraten alikwenda mbali zaidi. Katika mchoro wake unaohifadhiwa Louvre, Paris, hakuna mtu kabisa. Kuna milango iliyo wazi, funguo zinaning'inia tunduni, kitabu kimeachwa, mshumaa umezimika, na ndara mbili zimevuliwa sakafuni. Ukutani mwa chumba cha mwisho imetundikwa nakala ya yule mwanamke wa ter Borch, mgongo wake ukitutazama. Chumba ni kitupu, yaani hapa ndipo faragha ya kamusi ilipo. Ajabu ni kwamba ndio mchoro unaotufanya wachunguzi kuliko yote. Hakuna wa kumsitiri, kwa hivyo tunapekua: nani ameenda wapi, na nani, bila viatu?

Sasa, lipo pingamizi ambalo mwanafunzi wangu alilileta juzi, na ni la haki. "Lakini Prof, sitara hiyo inagawiwa kwa nani? Bibi mwenye koti la hariri anasitiriwa. Mtumishi je?" Alinikumbusha Maes. Anayechekwa katika michoro ile ni mtumishi, na mwenye nyumba ndiye anayetukonyezea. Mapenzi ya bibi ni barua, mapenzi ya mtumishi ni kichekesho. Hatuna haja ya kwenda mbali kuona mambo hayo. Katika nyumba nyingi, za karne ile na za leo, anayetandika kitanda cha wenzake hana pake pa kuweka barua yake.

Pingamizi hilo ndilo linalonifanya nimweke Vermeer juu ya Maes, na juu ya Metsu. Mtazame yule mtumishi wake anayemimina maziwa, wa karibu na mwaka wa 1658. Mikono yake ni ya kazi, chumba kina ukuta wenye matundu ya misumari. Chini, karibu na kisanduku cha kupashia miguu joto, pana kigae kidogo chenye Kupidi. Kwa hiyo naye pengine ana wake anayemfikiria. Wahakiki wengine wameliona hilo wakalifanya jambo la ashiki, wakarejea kwenye mizaha ya zamani kuhusu watumishi na maziwa. Mimi naona wamemsoma Maes ndani ya Vermeer. Kupidi wa Dresden ni mkubwa, huyu ni wa kuinamia ndipo umwone, na mtumishi mwenyewe ameinamisha macho kwenye maziwa yake. Hakuna kidole mdomoni, hakuna anayetukonyezea. Vermeer amempa mtumishi sitara ileile aliyompa mwanamke wa buluu. Mchoraji ambaye hakuwa na kimya nyumbani kwake alikigawa bila kuuliza nani ni bibi na nani ni kijakazi.

Nimemshauri mwanafunzi wangu hivi. Pale insha inapozungumzia chumba, mlango uliofungwa au kuwa mbali na watu, aliache neno faragha, linatosha. Pale inapozungumzia yale yanayopita kati ya mama na mtoto wa de Hooch, atumie ukaribu, au undani ikimpendeza. Lakini pale inapozungumzia kile anachokifanya mchoraji, na kile anachotutaka sisi watazamaji tukifanye, aandike sitara na kusitiri bila kuona haya. Lugha za Ulaya zinalazimika kutumia sentensi nzima kueleza kitu ambacho sisi tuna kitenzi chake tayari. Tafsiri nzuri mara nyingine inaujua mchoro kuliko insha inayofasiriwa.

Amerudi na kurasa zake. Faragha zimebaki tisa, na zote ziko mahali pake.

Yule jirani yetu alikwishatangulia mbele za haki miaka mingi. Barua ile ningali naikumbuka neno kwa neno, pamoja na mahali ambapo wino ulikuwa umesambaa. Mhariri wangu, aliposoma rasimu ya makala haya, aliniuliza kwa simu ilikuwa imeandikwa nini. Nikamwambia wasomaji wataelewa.